Mjadala: Je, bonde la mto Lukuledi lifunguliwe kwa mashamba makubwa ya nyanya?

Mwanzishaji, Mtwara Mjini
Ndugu zangu, nyanya nyingi tunazonunua Kusini husafiri kwa malori kutoka mikoa ya mbali, na mwaka 2024 mvua zilipoikata barabara ya Dar es Salaam sote tuliona jinsi magenge yalivyobaki matupu. Naunga mkono wawekezaji wapewe eneo kubwa kando ya Lukuledi, mradi wamwagilie kwa matone. Ardhi imelala kwa sababu tumezoea kusubiri korosho.

Mkulima wa Nyangao
Neno hilo la kusubiri korosho limenichoma. Ardhi unayosema imelala ndiyo tunayolima mpunga masika na mboga kiangazi, na anayeiona imelala ameipita akiwa juu ya lami. Nyanya huhitaji milimita 400 hadi 600 za maji kwa msimu mmoja, yaani lita milioni 4 hadi 6 kwa kila hekta, na msimu wake mzuri kwetu ni kiangazi, wakati mto wenyewe umepungua sana. Matone nayo si kinga. Almería, kusini mwa Hispania, ina hekta zipatazo 30,000 zilizofunikwa kwa plastiki, na umwagiliaji wa matone ndio desturi yao, lakini visima vya pwani vimeingiwa na maji ya chumvi, kwa kuwa maji yaliyookolewa yalitumika kupanua mashamba. Tusisahau pia mradi wa karanga wa Nachingwea katika miaka ya hamsini, uliong'oa misitu kisha ukatuacha mikono mitupu.

Mstaafu wa Masasi
Naomba kusahihisha. Mradi wa karanga ulianza mwaka 1947 na Waingereza wakauacha mwaka 1951. Mikono mitupu si kweli, kwa maana bandari ya Mtwara inayosafirisha korosho zenu ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Reli ya karanga ndiyo iliyong'olewa. Tena nashangaa kuona hofu ya viuatilifu vya nyanya ikitoka kwa watu ambao kila mwaka hupuliza salfa juu ya mikorosho, ikatua kwenye mabati, kwenye mitungi ya maji na vifuani mwa watoto.

Mkulima wa Nyangao
Mzee wangu, mimi sikutaja viuatilifu hata mara moja, nilitaja maji. Hata hivyo, kwa kuwa umelileta, salfa tunaipuliza kwa sababu bila hiyo ugonjwa wa ubwiriunga hukausha maua ya mikorosho na mtoto hasomi. Najua kwamba huongeza tindikali katika udongo. Je, udongo uliokwisha kuchoshwa na salfa ndio uongezewe na dawa za nyanya?

Mama wa Genge, Lindi
Baba zangu, mmegombea karanga na salfa, na wachumaji hamkuwataja. Agosti 2018, karibu na Foggia nchini Italia, vibarua wahamiaji 16 walikufa katika ajali mbili ndani ya siku tatu, wakirejea kutoka mashambani msimu wa kuvuna nyanya, wakiwa wamesongamana ndani ya magari. Mwekezaji akija hapa, watakaopanda karandinga la alfajiri ni mabinti zetu, na sijaona aliyeuliza watalipwa kwa tenga au kwa siku.

Nawe Mkulima usijitakase. Tangu kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, aingie nchini mwaka 2014, nimefungua matenga ya wakulima wadogo yenye nyanya zilizopakaa dawa nyeupe, zilizochumwa kabla siku za kusubiri baada ya kupuliza hazijatimia. Nilizifuta kwa kanga yangu moja moja kabla ya kuzipanga, tena nikiwa mjamzito.

Mwanzishaji, Mtwara Mjini
Dada, pole sana. Hapo ndipo ninaposimama: shamba kubwa linaweza kukaguliwa, lakini vibustani mia tatu nani atavikagua?

Mkulima wa Nyangao
Shamba kubwa lina uzio na mlinzi getini, ndugu yangu, na mkaguzi huingia siku aliyoalikwa.

Dada wa genge, la matenga nalikubali, na limeniuma kuliko hilo la korosho. Kwetu anayeuza dawa ndiye anayetufundisha kuipima, na kipimo chake ni kifuniko cha chupa. Bwana shamba sijamwona tangu mikorosho ilipoanza kuchanua.