MJADALA: Bolshoi kufungiwa milango Ulaya, haki au unafiki?

Ngosha Mtulivu
Wakuu, habari za jioni. Tangu vita vya Ukraine vianze Februari 2022, kundi la baleti la Bolshoi la Moscow limefungiwa milango Ulaya Magharibi. Royal Opera House ya London ilifuta msimu wao wote wa kiangazi mwaka ule ule, Madrid nao wakafuata. Kundi lina historia tangu 1776, limeishi chini ya wafalme, wakomunisti na hawa wa sasa. Swali: mcheza baleti ana kosa gani katika vita ambavyo hakuvianzisha? Karibuni, bila matusi tafadhali.

Mzee wa Voronezh
Unafiki mtupu. Mimi nimesoma Urusi ya Kisovieti miaka ya themanini na Bolshoi nimeiona kwa macho haya, si kwenye simu. Spartacus, baleti iliyotungwa na Grigorovich, mtumwa ananyanyuliwa juu ya mikuki, ukumbi mzima umekauka kimya. Sisi tuliotoka nchi zilizotawaliwa hatukuhitaji kufafanuliwa. Leo mtu wa London aniambie ile ni propaganda? Marekani ilipoingia Iraq 2003, nani aliifungia milango New York City Ballet?

Na kwa wasiojua, Warusi wana vigogo wawili: Bolshoi ya Moscow na Mariinsky ya Petersburg, enzi zetu ikiitwa Kirov. Bolshoi ni Simba. Hao wengine ni Yanga, kelele nyingi.

Bi Mkunazini
Shikamoo mzee. Hiyo ya Iraq nakupa. Lakini Bolshoi haijapata kuwa nje ya siasa hata siku moja. Maya Plisetskaya, nyota wao mkubwa, baba yake aliuawa kwa risasi 1938 na mama yake akapelekwa kambini. Kundi lilipokwenda London kwa mara ya kwanza, 1956, yeye aliachwa nyumbani, wakubwa hawakumwamini. Ikiwa serikali ndiyo inayochagua nani apande ndege, basi anayesafiri ni serikali.

Na kufutiana maonyesho si jambo jipya. Mwaka huo huo wa 1956 kundi la baleti la Covent Garden, ile ile Royal Opera House ya London, lilikuwa liende Moscow. Vifaru vya Kisovieti vikaingia Hungary, Waingereza wakaivunja safari, hawakwenda mpaka 1961. Je, Hungary ilipata nini? Haikupata kitu. Na mimi nasema bado walifanya haki. Anayebisha anijibu hilo.

Kijani Damu
Nilikuwa napita kimya kimya ila hiyo "Yanga kelele nyingi" siwezi kuiacha. Mzee, umejichongea mwenyewe. Shule ya baleti ya Petersburg ilianza 1738, kundi la Moscow 1776. Yanga 1935, Simba 1936. Nani mkubwa hapo? Halafu tafuta picha ya jengo la Mariinsky kwa nje uone ni la rangi gani. KIJANI. Bolshoi ukiingia ndani ni wekundu mtupu kama Msimbazi.

Na huyo Grigorovich unayemsifia kalelewa na nani? Ametoka Kirov, Moscow wamemchukua 1964. Ulanova, yule mchezaji nyota, naye wa kwetu, wakamchukua 1944. Zakharova, 2003. Kazi yenu kusajili wachezaji walioiva kwa wenzenu, kisha mnapiga tarumbeta.

Mnyama wa Msimbazi
😂😂 Kijani Damu lini umekuwa Mrusi? "Wa kwetu" kabisa!

Haya jibu hili: Swan Lake, ile baleti ambayo hata bibi yangu wa Kondoa anaujua muziki wake, ilichezwa mara ya kwanza wapi? Moscow. Bolshoi. 1877. Funga mjadala.

Kijani Damu
Na ikapokelewaje hiyo ya 1877? Malizia basi hadithi. Haikumsisimua mtu. Dunia inacheza ile iliyopangwa upya na Petipa na Ivanov, Petersburg, 1895, Tchaikovsky mwenye muziki ameshafariki. Nyie mlipiga shuti likatoka nje, sisi tukafunga.

Ngosha Mtulivu
Wakuu, mada ni vita na sanaa. Bi Mkunazini kaweka hoja nzito ya 1956, hakuna aliyeigusa.

Kamau wa Huruma
1956 si ndiyo ile safari nusura iharibike kwa sababu ya kofia? Kuna mwanariadha wa Kisovieti, mama wa kurusha kisahani, alishikwa London akidaiwa kuiba kofia dukani Oxford Street. Kofia tano hivi. Bolshoi wakasema hawaji kama kesi haiishi. Sijui iliisha vipi lakini walikuja. Ebu fikiria, historia ya sanaa ikining'inia kwa kofia.

Mzee wa Voronezh
Marahaba binti. Lakini hii ya Plisetskaya mnaisimulia nusu. Huyo huyo aliruhusiwa kwenda Marekani 1959, akacheza mpaka uzeeni, akawa fahari ya nchi nzima. Kwa nini hilo halisemwi? Nyie mmesoma Urusi kwa Waingereza. Na Kijani Damu, Ulanova "hakusajiliwa". Ilikuwa vita, nchi ilikuwa moja, mtu alikwenda alikopangiwa. Usilete lugha ya Kariakoo kwa msanii kama yule.

Mnyama wa Msimbazi
Mzee, lugha ya Kariakoo umeileta wewe!

Bi Mkunazini
"Alikwenda alikopangiwa." Ahsante mzee, umenisaidia, hiyo ndiyo hoja yangu. Na hiyo ya kusoma kwa Waingereza ungeiweka pembeni, mimi nina wajukuu na miwani yangu naivaa mwenyewe.

1979 Godunov, mchezaji wa Bolshoi, aligoma kurudi kwao wakiwa New York. Mkewe, naye mchezaji wa kundi hilo, ndege yake ilizuiwa uwanjani siku tatu, Wamarekani wakitaka kuhakikisha harudishwi kwa nguvu. Rais Carter wa Marekani na Brezhnev, kiongozi wa Kisovieti, wakaingilia kati. Hapo msanii alikuwa msanii tu?

Kamau wa Huruma
Mimi hata sijafika huko kwa Carter. Nyinyi wazee mnatetea watu ambao juzi tu, 2019, walikuwa wanapaka wasichana rangi nyeusi kucheza baleti ya La Bayadère. Misty Copeland, mchezaji Mweusi wa Marekani, aliweka picha mtandaoni akiuliza hii ni nini, Warusi wakamtolea povu, na uongozi wa Bolshoi ukasema lalamiko ni upuuzi, hawabadilishi kitu. Na hapa Nairobi kuna watoto wa Kibera wamejifunza baleti darasani, viti vimesukumwa kando, sakafu ya simiti. Hao wakifika Moscow watapakwa nini?

Mzee wa Voronezh
Ile ni desturi ya jukwaani, kijana. Baleti ya zamani, hadithi ya India, karne ya 19. Hawakulenga kumdhihaki mtu.

Bi Mkunazini
Mzee, hapo sikufuati.

Mnyama wa Msimbazi
Kijani Damu, La Bayadère ilizaliwa wapi? Nakuuliza tu kwa heshima.

Kijani Damu
Petersburg, 1877, Petipa. Haya. Lakini waliopigwa picha 2019 ni wa Bolshoi. Msitubebeshe.

Mnyama wa Msimbazi
Kumbe zipo ambazo si za "kwetu" 😂

Ngosha Mtulivu
Naomba niibadili mada kidogo labda itawagusa. 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand walipeleka timu ya raga kwa makaburu. Filbert Bayi, aliyemshinda John Walker wa New Zealand Christchurch 1974 kwa rekodi ya dunia ya mita 1,500, akabaki nyumbani. Walker akachukua dhahabu. Bayi alikuwa na kosa gani? Hakuna. Na taifa zima tulikubali ni sawa. Sasa leo tunamlilia mcheza baleti wa Moscow?

Mzee wa Voronezh
Tofauti kubwa. Ule ulikuwa ukombozi.

Kamau wa Huruma
Na 1980? Kenya tulisusia Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti waliingia Afghanistan, ninyi mkaenda. Ukombozi uliishia wapi bana?

Kijani Damu
Nyie mlimfuata Carter. Alimtuma Muhammad Ali mpaka Dar kutushawishi, Mwalimu akakataa hata kumwona. Tukaenda Moscow, Bayi fedha kuruka viunzi na maji, Nyambui fedha mita 5,000. Nyie mlibaki kuangalia.

Kamau wa Huruma
Fedha mbili katika michezo ambayo Wakenya hawakuwepo. Hongereni sana.

Mnyama wa Msimbazi
Uuuwi.

Bi Mkunazini
Ngosha, mfano wa Bayi ni mzuri ila una tundu. Bayi aliamuliwa na nchi yake mwenyewe. Wa Bolshoi wanafungiwa na nchi za wengine. Na wapo waliojiamulia: Olga Smirnova, nyota wao, aliondoka Machi 2022 akahamia Amsterdam, akasema hadharani anapinga vita. Ulaya ilimpokea. Kwa hivyo mlango haujafungwa kwa mtu, umefungwa kwa bendera. Mkurugenzi wa ukumbi, Urin, naye alitia saini barua ya kupinga vita siku za mwanzo. Mwisho wa 2023 nafasi yake akapewa Gergiev, mwongoza okestra na rafiki wa Putin.

Kijani Damu
Subiri. Gergiev si ndiye bosi wa Mariinsky?

Bi Mkunazini
Ndiye. Sasa anashika zote mbili.

Mnyama wa Msimbazi
Yaani Simba na Yanga, mwenyekiti mmoja??? Kijani Damu, kaa chini unywe maji.

Kijani Damu
Hapana, hapo hata mimi naungana na London. Wafungieni.

Mzee wa Voronezh
Kwa hiyo kote huku hukuwa na msimamo?

Kijani Damu
Nilikuwa nao, wa kijani. Ngosha, kabla uzi haujafungwa: Bayi alikuwa shabiki wa timu gani?