Ati "chagua nywele au akili"!! Daktari kanivuruga leo

Wakuu naandika mkono unatetemeka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule anayeandika dawa huku anachati, hajainua uso tangu azaliwe. Nimetoka kwake sasa hivi.

Natumia sertraline kwa ajili ya sonona, mwezi wa nne huu. Imenisaidia, nasema wazi, nilikuwa hata kuoga siwezi. Ila ilipogonga miezi miwili na ushee nywele zikaanza kunyonyoka, chanuo linatoka limejaa, tundu la bafuni limeziba, asubuhi mto kama kalalia paka mweusi. Nikakusanya za siku moja tu nikatia kwenye mfuko wa nailoni nikampelekea, kila unywele una kale kanukta keupe mwishoni maana umeng'oka na shina, haukukatika. Namfungulia mfuko, mtu hata hautazami, anasema "dada, chagua, nywele au akili". Halafu AKACHEKA. Na nesi pembeni naye akacheka!

Nywele au akili! Kwani nilienda kuomba urembo? Niliuliza dawa inahusika au haihusiki, basi. Na kwenye kile kikaratasi cha ndani ya boksi imeandikwa, nywele kunyonyoka, inaweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 100, herufi kama mayai ya chawa lakini ipo. Walioitengeneza wanajua, aliyeniandikia hajui. Angesema tupime, tubadili dawa, ningemwelewa. Ati chagua! Nikafunga mfuko wangu nikatoka nao. Leo usiku sinywi hiyo dawa.

Bundi wa Usiku: Pole mkuu ila usikate ghafla!! Mimi nilikata, siku tatu kizunguzungu na vishoti kama vya umeme kichwani. Inapunguzwa kidogo kidogo. Mimi nilibadilishiwa nyingine, zikaacha kudondoka, ila kuota ni kama sentimita moja kwa mwezi, uwe na subira

Kipara Asilia: Mimi sijawahi kumeza kidonge na kichwa kinang'aa, nimshtaki nani? Huo mfuko nitumie mimi

Mama Pacha: Sonona yenyewe inanyonyoa pia. Nywele taarifa zinapata kwa kuchelewa, unaumia leo zinadondoka miezi 2 au 3 mbele, mimi baada ya kujifungua ilikuwa hivyohivyo. Pima tezi ya shingo na madini ya chuma kabla hujailaumu dawa

Mwenye uzi: Si ndo hayo nilitaka aniambie YEYE?? Badala yake nywele au akili! Haya leo nameza, ila kwake sirudi

Suruali Haifungi: Afadhali wewe nywele zitaota. Mimi tangu nianze zangu kilo 11 juu, namwambia ananijibu "funga mdomo". Huyohuyo!

Kipara Asilia: Huyohuyo mwenye simu? Kwangu alipokea simu amenishikia kipimo kifuani, dakika kumi nimevua shati

Mama Pacha: Daktari si kitu, mapokezi je? Yule dada anapaza sauti "wa dawa za akili huku!" ukumbi mzima unageuka

Suruali Haifungi: Eeeh huyo wa mapokezi!! Mfungulieni uzi wake, mimi peke yangu nina kurasa tatu

Bundi wa Usiku: Alishawahi kuniita mara mbili eti sikusikia