Mrejesho: ile kamera iliyokuwa haioni leza ya nanomita 1550

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini kamera yangu ya sensa (kihisi mwanga) ya silikoni inaonyesha giza tupu nikiimulika na leza ya nanomita 1550 (urefu wa wimbi la mwanga wake), nikadhani imeungua. Kumbe nzima! Mlisema kweli, silikoni inataka fotoni (chembe ya mwanga) yenye nishati ya kama elektronivolti 1.12, ukivuka nanomita 1100 hivi mwanga unapita tu kama kwenye kioo, na fotoni ya leza yangu ina elektronivolti 0.8 tu. Nikaazima sensa ya indiamu, galiamu na aseniki, inashika nanomita 900 mpaka 1700, doa la leza likatokea hapohapo, aisee nimefurahi mno. Ila picha ilijaa vinukta vyeupe, nikaipoza ikatulia, maana joto lenyewe linazalisha mkondo wa umeme kwenye sensa hata gizani. Sasa naunganisha picha za kamera zote mbili, kazi iko kwenye kuzipanga pikseli (vinukta vya picha) zikae sawa.