Acheni kugawa oksijeni kwa kilo, mnaharibu tafiti za michezo!!

Wadau nimechoka na leo nasema. Hivi mpaka lini mtu anapima VO2max ya wachezaji (oksijeni nyingi kabisa ambayo mwili unaweza kutumia kwa dakika), anachukua lita za oksijeni anagawa kwa uzito halafu anatangaza eti keshaondoa tofauti ya ukubwa wa mwili?? Mtafiti Tanner alishalikosoa hili mwaka 1949, 1949 jamani, na bado kila ripoti ni mililita kwa kilo tu.

Ona inavyoumiza watu. Mmoja ana kilo 50 anatumia lita 3 kwa dakika, ukigawa ni mililita 60 kwa kilo. Mwenzake ana kilo 100 na yuko fiti vilevile, kwa kipeo cha 0.67 (uzito ukiwa mara mbili, oksijeni inakuwa kama mara 1.6 tu) anatarajiwa kufika kama lita 4.8, ukigawa anapata 48. Basi huyo anaandikwa pumzi ndogo, anakalishwa benchi, kisa oksijeni haipandi sawasawa na kilo na hakuna aliyejisumbua kuangalia.

Na dawa wala si ngumu! Chukua logi (logarithm) ya oksijeni, logi ya uzito, piga rigresheni ya kawaida (mstari unaopita katikati ya data), mteremko utakaopata ndio kipeo chako. Kama kugawa kwa kilo ni sahihi data yenyewe itakupa 1, na ule mtawanyiko unaotanuka kwa watu wakubwa mara nyingi unatulia hapohapo. Ila msikariri 0.67 kama sala, kipeo kinabadilika kutegemea kundi ulilopima.

Mimi andiko langu limerudishwa, mhakiki anataka niziondoe logi kwa sababu "wasomaji watachanganyikiwa". Yaani tuandike uongo ili usomeke vizuri??

Na nyie mnaotumia logi hamjapona. Rigresheni ya logi inakupa 0.6 kama tofauti ya wanaume na wanawake, unaandika "wanaume wamezidi kwa asilimia 60", wakati ukipiga e (ile 2.718, msingi wa logi ya asili) kwa kipeo cha 0.6 inatoka 1.82, yaani asilimia 82! Mwingine anarudisha wastani wa logi kwenye lita anauita wastani wa kawaida, kumbe ni wa kijiometri na huo huwa chini. Halafu wale wanaohesabu majeraha, mchezaji ana sifuri wanaongeza 1 ili logi ikubali, wakati rigresheni ya Poisson ipo kwa ajili ya kuhesabu matukio na sifuri haiisumbui kabisa.

Mnaochapisha, wekeni lita na kilo za kila mchezaji, majina yaondoeni, tupige hesabu wenyewe.