Sponji inaniachia madoa kwenye kadi ya Idi

Mama Kadi: Jamani, namtengenezea shangazi kadi. Mwezi nimeuchonga kwenye kiazi nikaugonga kama muhuri, umetoka vizuri. Ila nikipaka kadi wino wa njano kisha zambarau kwa sponji, katikati panakuwa tope, na pale sponji inapogusa kwanza pana doa la duara. Nakosea wapi?

Fundi Manila: Njano na zambarau zikikutana ni tope tu, dada. Pitisha pinki katikati. Sponji ianzie nje ya kadi, kwenye karatasi chakavu, ndipo uiingize ukizungusha kwa mkono mwepesi.

Bi Wino: Na kiazi kifute maji kabla ya kugonga, mwanangu.

Mama Kadi: Pinki imekubali! Ila neno "Idi" nililochonga limetoka kinyume. Shangazi atalisomea kwenye kioo.