Mtumba, fundi au duka? Elfu saba za kuvaa ofisini Kisumu

Barobaro_Lanet
Wadau hamjambo. Nimepata atachimenti (mafunzo ya kazini) ya miezi mitatu kwenye ofisi moja Kisumu, naanza Januari. Suti hawadai, ila wamesema jinzi na raba ziachwe nyumbani. Sasa mimi kabati langu lote ni jinzi, hudi na tisheti za mpira.

Nina 7,000 za nguo nikishatoa kodi na nauli. Shida ya pili ni mwili. Mimi ni mrefu, mwembamba, na mikono ndiyo imezidi. Shati likinikaa kifuani, mikono inaishia juu ya saa. Nikichukua linalofika mkononi, kiunoni linajaa upepo kama hema.

Naona njia tatu: nichakure mtumba mwenyewe, fundi anishonee kuanzia kitambaa, au niingie duka hapa Nakuru, Kenyatta Avenue, nitoke na nguo mpya za slimfiti, zile za kubana mwili. Kwa bei nilizoulizia, shati la dukani ni 1,500 na suruali 1,800, kwa hiyo napata seti mbili na chenji ya chai. Mliopita njia hii mnasemaje? Na tafadhali msiniambie "inategemea".

Jirani_wa_Milimani
Duka. Unajaribu mbele ya kioo, isipokutosha unabadilishiwa, na hakuna mtu amewahi kuivaa. Mtumba utazunguka juani kutwa nzima urudi na shati moja lisilo na kifungo. Seti mbili zinatosha, unafua Jumatano jioni, Alhamisi unaanza upya.

MamaBeli_Kibuye
Jirani, seti mbili kwa jua la Kisumu? Ikifika Alhamisi ofisi nzima itamjua kijana wa watu kabla hajafungua mlango.

Mwanangu wa Lanet, kwa mwili wako mtumba ndio utakaokufaa, na si kwa sababu ya bei peke yake. Mashati mengi ya dukani yanaandikwa S, M, L, basi. Mashati ya ofisini ya mtumba mengi yana namba ya shingo, 15, 15½, 16, na yale ya Marekani huwa na urefu wa mkono kando yake, 32/33 au 34/35, zote kwa inchi. Wewe tafuta 34/35. Namba iko ndani ya kola, isome kabla hujapenda rangi.

Njoo asubuhi siku ya kufungua beli, yaani lile robota la mitumba. Beli ya kilo 45 ikikatwa kamba, kamera, yaani zile nguo za kwanza, zinaondoka saa hiyo hiyo. Wanaozibeba ni vijana wa kuuza kwenye simu, watakuuzia hizo hizo mara tatu ya bei. Mchana zinabaki za kuchagua, jioni ni fagia, mabaki ya mwisho. Jumapili Kibuye imejaa kila kitu, lakini imejaa na watu pia, na muuzaji hana haja ya kukushushia bei.

Ukishika shati, kunjua kola uone mstari wa shingo, kisha tazama makwapa kwenye mwanga. Njano ya makwapani haitoki hata ukiloweka wiki. Suruali igeuze ndani nje, uinue juani pale mapaja yanaposuguana. Mwanga ukipenya hapo na kwingine haupenyi, irudishe kwenye rundo, itapasuka siku ambayo hutaki. Ukikosa mahali pa kujaribia, funga kifungo uzungushe kiuno cha suruali shingoni. Ncha zikikutana nyuma bila kuvuta, itakukaa.

Kwangu shati ni 200 hadi 350, kamera 500. Suruali ya kitambaa 300 hadi 500.

Fundi_wa_Kondele
Mama amesema kweli tupu, ila amewaacha nusu ya njia. Nguo ya mtumba haijaisha mpaka ipite kwenye cherehani. Kijana, ujue kinachorekebishika na kisichorekebishika kabla hujatoa pesa.

Anza na mabega. Mshono wa bega unatakiwa ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Ukiniletea shati lenye bega linaloteremka mkononi, itabidi ning'oe mikono yote miwili, nikate bega, nirudishe mikono, na kazi hiyo inakaribia kushona shati jipya. Kwa hiyo mabega yakikataa, acha shati hata kama ni la bure. Mwili mpana haunisumbui: napunguza pembeni, au nashona mikunjo miwili mirefu mgongoni, na ile hema yako inaisha. Mkono mrefu naufupisha. Mkono mfupi siwezi kuurefusha, kitambaa nitakitoa wapi? Ndiyo maana Mama amekutuma 34/35, mfuate.

Suruali, kiuno napunguza mpaka inchi mbili. Zaidi ya hapo mifuko ya nyuma inaanza kukumbatiana. Kuongeza kunategemea kilichoachwa ndani ya mshono wa nyuma: suruali za kitambaa huachiwa kidogo, jinzi haziachiwi. Geuza uangalie.

Bei zangu: mwili wa shati 150, kiuno cha suruali 150, pindo 100.

Kushona suruali mpya, kitambaa cha upana wa inchi 60 ununue mita moja na nusu kwa urefu wako. Ufundi 1,000, zipu na vitambaa vya mifuko juu yangu. Ukijumlisha kitambaa cha heshima inafika kama 2,000. Ni zaidi ya duka, sifichi.

Na usiniletee kazi kati ya Krismasi na wiki ya kwanza ya shule. Hapo cherehani zote zinashona sare, hata shemeji yangu simpokei.

Mrefu_Lurambi
Nina urefu wa kijana huyu, nipo Kakamega, kwa hiyo nisikilizeni. Mafundi si wote kama Fundi_wa_Kondele. Kuna mmoja huku alinipa "Ijumaa", Ijumaa ikawa ya wiki nyingine, na nilipoivaa suruali ilikuwa imekatwa kwa vipimo vya mtu mfupi mwenye tumbo. Akaniambia nitanenepa. Ninachofanya siku hizi nikishona: nalipa kitambaa na robo ya ufundi, salio naliacha mpaka niivae pale pale dukani kwake na kuketi kwenye kiti. Kuketi ni muhimu, suruali ikimbana mtu huonyesha hapo.

Siri nyingine ya warefu, kwenye makoti ya mtumba kutoka Ujerumani. Ukiona koti limeandikwa 98 au 102, usiogope. Watu huliacha wakidhani ni la jitu. Namba hizo ni za warefu wembamba: 98 ni sawa na 48 ya kawaida ya Ulaya, yaani 38 ya Uingereza, ila mikono na mwili vimerefushwa. 102 ni 50 iliyorefushwa. Kinyume chake, 24 si ya mtoto, ni 48 ya mtu mfupi. Wauzaji wengi hawajui, kwa hiyo bei huwa ya chini.

MamaBeli_Kibuye
Mrefu, umenifungua macho na kunifungia biashara ya watu kwa pigo moja 😂 Kesho 98 zangu zinapanda.

Jirani_wa_Milimani
Koti la nini Kisumu lakini? Na hakuna aliyejibu suala la usafi. Nguo imevaliwa na mtu usiyemjua, imekaa kwenye kontena.

MamaBeli_Kibuye
Maneno hayo tuliyasikia 2020, serikali ilipofunga mitumba Machi kwa ajili ya korona, ikafungua tena Agosti. Loweka kwa maji moto na sabuni, anika juani, piga pasi. Nguo za ndani na soksi nunua mpya, hapo sibishani na mtu.

Dada_Section58
Mimi nauza nguo dukani Nakuru, kwa hiyo ningepaswa kumuunga mkono Jirani. Lakini kaka anaenda Kisumu. Sisi tuko juu, kama mita 1,850, asubuhi tunatoka na sweta. Kisumu iko chini kwa zaidi ya mita 700, na ziwa liko pale pale. Nguo anayoipenda hapa itamchemsha kule.

Mashati mengi ya slimfiti ya 1,500 tunayouza ni polista tupu au polista iliyochanganywa na pamba kidogo. Hayakunjamani, yanang'aa vizuri chini ya taa za duka, ila hewa haipiti. Ukitoka kwenye boda saa mbili asubuhi mgongo umeshaloa, na shati la bluu hafifu linaonyesha kila kitu. Soma lebo ya pembeni ndani. Kama lebo imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono na uuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu, polista inayeyuka na kuganda kuwa kipunje kigumu. (Omba ruhusa kwanza, mteja mmoja alianza kuchoma uzi mbele ya kaunta yangu nikadhani ni vita.)

Kwa rangi, kaka, usinunue kila shati na rafiki yake. Nunua suruali tatu ambazo kila shati lako litakubaliana nazo: bluu iliyokolea, kijivu, na kaki. Nyeusi iache kwanza, vumbi la barabarani linaionea. Mashati yawe meupe, bluu hafifu, na moja la mistari myembamba ya kwenda chini. Wewe ni mwembamba mrefu, ukitaka kuonekana na mwili kidogo tafuta drafti, yaani miraba, ndogo ndogo. Na shati lisibane. Mwembamba akivaa la kubana anaonekana mwembamba zaidi. Slimfiti ni jina tu, wengi inawakosea.

Mrefu_Lurambi
Kuna kitu mmesahau: suti ya Kaunda ya mikono mifupi. Haitaki shati ndani, haitaki tai, na tatizo la mikono linaisha kwa sababu mikono yenyewe haipo. Fundi anakata juu na chini kitambaa kimoja.

Jirani_wa_Milimani
Si Spika Wetang'ula alizipiga marufuku?

Mrefu_Lurambi
Bungeni, Novemba 2023. Kijana haendi Bungeni.

Dada_Section58
Mwanafunzi wa atachimenti aingie na Kaunda siku ya kwanza? Watamsimamia wakidhani ni mkubwa katumwa kutoka Nairobi. Angoje aone wenzake wanavaa nini.

Fundi_wa_Kondele
Naunga mkono Dada. Na Kaunda hula kama mita tatu za kitambaa, pesa yake nusu imeondoka kwa nguo ambayo huwezi kuvaa juu peke yake wala chini peke yake bila kuonekana umevaa nusu.

Barobaro_Lanet
Asanteni sana wakubwa. Nimepiga hesabu usiku. Mashati manne ya mtumba kwa 300, ni 1,200. Fundi ayapunguze mwili, 600. Suruali mbili za mtumba, 800, na kiuno na pindo 500. Suruali moja ya kushona ya bluu, 2,000. Mshipi 400. Viatu vya ngozi vya mtumba 1,500. Jumla 7,000 kamili. Jirani, samahani, duka limeshindwa.

Nitakuwa Kisumu katikati ya Desemba kutafuta nyumba, nitapitia kwa Mama halafu kwa Fundi siku hiyo hiyo.

Jirani_wa_Milimani
Sina kinyongo. Ila umepiga hesabu bila shilingi ya pasi. Pamba isiyopigwa pasi inashindwa na polista yangu asubuhi yoyote.

Fundi_wa_Kondele
Hesabu ni nzuri, mpangilio ndio unaoukosea. Usininunulie kitambaa siku hiyo. Leta kwanza zile mbili za mtumba nizirekebishe, uzivae ukae nazo hata wiki mbili za kazi. Utajua unapenda kiuno kikae wapi, mguu uwe na upana gani, mfuko wa simu ukae upande upi. Ile inayokukaa vizuri kuliko zote utaniletea Februari, sare zikiwa zimepungua, nami nitaipima hiyo badala ya kukupima wewe. Mtu akipimwa huwa anavuta tumbo na kujinyoosha, suruali haijinyooshi. Kitambaa kikiwa cha pamba, kiloweke usiku mmoja na ukikaushe kabla ya kukileta, kisije kikaruka juu ya kifundo baada ya kufuliwa.

Na uje na hivyo viatu vya 1,500. Pindo sikati mtu akiwa na sandali. Nitaiacha iguse kiatu mbele bila kujikunja, na ndani nibakishe inchi moja na nusu kama akiba.

Barobaro_Lanet
Sawa fundi, hiyo 2,000 naiweka mpaka Februari.

Mrefu_Lurambi
Ukiiweka kwa simu itaisha kwa bando. Mpe mtu akushikie.

MamaBeli_Kibuye
Mwanangu, shingo yako ni namba ngapi? Pima kwa futi, uache vidole viwili vipite.

Barobaro_Lanet
Nimepima sasa hivi, Mama. 15½.

MamaBeli_Kibuye
Nafungua beli ya mashati Alhamisi. Nikipata 15½ za mkono 34/35 nitakuwekea nne kando na kukutumia picha ya kola na ya makwapa. Ukikubali utume pesa kabla ya saa kumi, la sivyo nauza. Mrefu, wewe 98 zako usiniulize bei tena hapa hadharani.