Nyota Nyekundu yenye namba: nitampataje aliyetunukiwa?

Msaka_Majalada

Wakuu, naomba mwongozo. Nina vitu vitatu vya askari mmoja wa Jeshi Jekundu (jeshi la Kisovieti): Nishani ya Nyota Nyekundu yenye namba mgongoni, medali ya «За отвагу» (ya ujasiri) ambayo nayo ina namba, na medali ya Ushindi dhidi ya Ujerumani isiyo na namba kabisa. Vimefuatana na kijitabu cha nishani (орденская книжка) chenye jina la ukoo, jina lake na jina la baba. Nikiandika jina la ukoo kwenye Podvig Naroda, hifadhidata ya mtandaoni ya tuzo za vita, yanatoka mamia ya watu. Je, naweza kutafuta kwa namba? Hiyo isiyo na namba inafuatiliwaje? Na nikishampata mwenyewe, ni karatasi ipi itakayonieleza alifanya nini?

Kalamu na Wino

Ndugu, hapo mali ni kijitabu. Anza nacho kabla ya kugusa kompyuta. Kurasa za ndani zinataja kila nishani pamoja na namba yake. Linganisha na namba zilizochorwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Zikilingana, seti ni ya mtu mmoja. Zisipolingana, mtu fulani aliziunganisha baadaye, na utafiti wako utakuwa wa watu wawili. Ukiona herufi Д karibu na namba, hiyo ni nakala iliyotolewa badala ya iliyopotea.

Kutafuta kwa namba peke yake ni njia ngumu. Kadi za usajili wa waliotunukiwa (учётная карточка награждённого) zipo kwenye hifadhi kuu ya Wizara ya Ulinzi huko Podolsk, na zimepangwa kwa jina la ukoo. Namba imeandikwa ndani ya kadi, lakini huwezi kuifikia kadi bila jina. Wewe jina unalo, basi fanya hivi:

Hamia hifadhidata nyingine, Pamyat Naroda, iliyofunguliwa 2015. Podvig Naroda ni ya 2010 na haina upana huo. Andika majina yote matatu kwa herufi za Kirusi. Katika matokeo tafuta yenye maneno «картотека награждений» (mkusanyiko wa kadi za tuzo), yakifuatwa na namba ya kabati (шкаф) na ya droo (ящик). Hizo ndizo kadi. Nyingi zina picha ya mbele na nyuma: mwaka na mahali pa kuzaliwa, tarehe ya kuingia jeshini, kisha orodha ya tuzo na namba zake. Kadi yenye namba zako mbili ndiyo yako, hata kama wapo wengine kumi wenye majina hayohayo.

Ukikosa, shuku tahajia. Ё huandikwa Е. Majina ya Wauzbeki, Wakazakhi, Watatari na watu wa Kaukasi yaliandikwa na makarani jinsi walivyoyasikia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na Х kwenye karatasi moja na Г kwenye nyingine. Mwaka wa kuzaliwa nao hutofautiana kwa mmoja au miwili. Acha jina la ukoo kabisa, tafuta kwa jina, jina la baba na mahali pa kuzaliwa.

Medali ya Ushindi walipewa karibu watu milioni 15. Haina namba, ilikwenda na cheti tu. Bila cheti, chuma chenyewe hakiwezi kukupeleka kwa mtu yeyote.

Msaka_Majalada

Asante sana, kadi imepatikana na namba zote mbili zinalingana! Yumo jeshini tangu 1935. «За отвагу» ilitolewa kwa amri ya rejimenti, Januari 1944. Nyota Nyekundu ni ya Novemba 1950. Ya 1944 naiona amri yake, lakini hati ya kupendekeza tuzo siioni. Ya 1950 haina maelezo yoyote. Je, zimepotea?

Gadi ya Tatu

Hazijapotea. Ya 1950 haikuwahi kuwa na kisa cha vita. Kwa agizo la 4 Juni 1944, nishani zilianza kutolewa pia kwa urefu wa utumishi: miaka 10 medali ya «За боевые заслуги» (ya utumishi wa kivita), miaka 15 Nyota Nyekundu, miaka 20 Bendera Nyekundu, miaka 25 Nishani ya Lenin. Hesabu 1935 hadi 1950: ni 15 kamili. Utaratibu huo ulifutwa 1957. Ndiyo maana Nyota Nyekundu zimezidi milioni 3.8 na sehemu kubwa ya zile za baada ya vita ni za utumishi. Ukiona tarehe kati ya 1944 na 1957, hasa Novemba, kagua miaka ya utumishi kabla ya kuandika neno «shujaa».

Mtego wa namna hiyo upo kwenye Nishani ya Vita vya Uzalendo. Ilianzishwa 20 Mei 1942, lakini kwa agizo la 11 Machi 1985 walipewa maveterani waliokuwa hai. Kadi zao zimeandikwa «юбилейная картотека» (kadi za maadhimisho).

Sasa rudi kwenye medali yako ya 1944, maana hapo ndipo penye kisa. Wengi huipita kwa sababu Nyota inang'aa zaidi, na huwa inaniuma kuona hivyo. «За отвагу» haikuwa kwenye orodha ya utumishi. Ilitolewa kwa tendo.

Hati ndefu huioni kwa sababu ya ngazi. Tangu Novemba 1942 kamanda wa rejimenti aliruhusiwa kutoa medali mwenyewe, na sababu aliiweka ndani ya amri yake. Fungua picha ya amri, tafuta jina, kisha maneno «за то, что» (kwa kuwa). Mistari miwili hadi mitano inayofuata ndiyo maelezo yako yote: tarehe, kijiji, alichofanya. Kwa nishani, hasa zilizotolewa na divisheni kwenda juu, ndipo unapokuta наградной лист, hati ya kurasa mbili yenye kabila, uanachama wa chama, majeraha, ofisi iliyomwandikisha (РВК), anwani ya nyumbani na simulizi ya tendo.

Kwenye hati hiyo usiishie kwenye simulizi. Soma tuzo iliyoombwa juu, kisha maoni ya wakubwa chini. Mara nyingi hazifanani. Alexander Marinesko, kamanda wa manowari S-13 iliyoizamisha meli ya Kijerumani Wilhelm Gustloff 30 Januari 1945, alipendekezwa kuwa Shujaa wa Umoja wa Kisovieti. Machi mwaka huo alipewa Bendera Nyekundu. Ushujaa ulikuja 1990, akiwa marehemu.

Kalamu na Wino

Naongezea kuhusu kusoma. Mwandiko wa Kirusi una т inayofanana na m, д inayofanana na g, na и, ш, л, м zikiungana huwa ni vijiti tu. Vifupisho vya kukariri: сп ni rejimenti ya askari wa miguu, сд divisheni yao, ап rejimenti ya mizinga, гв. ni gadi, yaani kikosi kilichopewa hadhi ya heshima.

Ukishapata kijiji na tarehe, tafuta shajara ya vita ya divisheni (журнал боевых действий) humohumo Pamyat Naroda. Soma siku ya tendo, si siku ya amri. Amri hufuata baada ya siku au majuma. Simulizi ya tuzo iliandikwa ili mtu apewe tuzo, kwa hiyo hesabu ya maadui waliouawa ichukue kwa tahadhari. Shajara ndiyo itakayokuambia kama kijiji kilitekwa kweli siku ile.

Angalia pia jina la kikosi. Divisheni zilizopewa hadhi ya gadi zilibadilishiwa namba: Divisheni ya 87 iligeuka ya 13 ya Gadi Januari 1942. Nyingine ziliangamia 1941, kisha namba ikapewa divisheni mpya kabisa. Ukichukua namba bila mwaka, utasoma vita vya watu wengine.

Msaka_Majalada

Nimeuona mstari! Alivuta waya wa simu huku mizinga ikipigwa, akaunganisha mara nne kwa siku moja. Swali la mwisho: Nyota imeingia weusi. Niisafishe ili namba isomeke vizuri?

Gadi ya Tatu

Usiisafishe. Ni fedha, na weusi huo unalinda uso wake. Kuisugua kunalainisha kingo za tarakimu zilizochorwa kwa mkono, na dawa za kung'arishia hupenya kwenye nyufa za enameli. Weka taa ubavuni, karibu usawa wa meza, piga picha kutoka juu. Kivuli kitaijaza mikwaruzo na namba itasomeka.

Picha hiyo itakusaidia kukagua pia. Juu ya namba pawe na muhuri МОНЕТНЫЙ ДВОР (kiwanda cha sarafu) wenye herufi kali. Eneo la namba likiwa na mbonyeo au laini kuliko sehemu zilizolizunguka, huenda namba ya zamani ilisuguliwa ikachorwa nyingine ili ifanane na kijitabu. Parafujo ya mgongoni mwa nishani isilegezwe kwa koleo, shina lake hukatika.

Na kama vitapita Urusi, jua kwamba kifungu cha 324 cha sheria ya jinai huko kinakataza kununua na kuuza tuzo za serikali, za Kisovieti zikiwemo. Picha za kadi, amri na ukurasa wa shajara zihifadhi pamoja na kijitabu, ukiandika kwa penseli namba ya фонд (mkusanyiko), опись (orodha) na дело (jalada) kwenye kila nakala.